Historia Fupi ya Mbwa Mwoga

Ule mchezo wa mbwa unaouona kwenye simu, mbwa akipita kasi ndani ya bomba la kitambaa, akipanda daraja jembamba na kujipinda katikati ya miti iliyosimikwa kama vile ana haraka ya kwenda kwao, ulianza kama kijazio cha muda. Februari 1978, maonyesho ya mbwa ya Crufts yalikuwa yanafanyika katika ukumbi wa Olympia, London. Ratiba ilikuwa na pengo, na mwanakamati mmoja, John Varley, akapewa kazi ya kutafuta kitu cha kuwashikilia watazamaji. Varley alikuwa mpenzi wa mashindano ya farasi. Akamwendea mkufunzi wa mbwa, Peter Meanwell, wakabuni kitu kama kile cha farasi ila kwa mbwa: viunzi, ngazi, handaki, saa ya kuhesabu. Timu mbili zikaingia uwanjani, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kufikia 1980, Kennel Club ya Uingereza ilikuwa imeutambua rasmi na kuutungia kanuni. Wenyewe wanauita ajiliti, yaani wepesi wa mwili.

Mashindano yenyewe hayanisisimui sana, bana. Mbwa wanaoshinda ni mbwa ambao tayari dunia ni yao. Kilichonivuta ni jambo ambalo Varley hakulipanga: baada ya muda wakufunzi walianza kuona kwamba vifaa vile vile, vikishushwa hadi karibu na ardhi, bila saa na bila watazamaji, vinamsaidia mbwa wa aina nyingine kabisa. Yule anayejikunja chini ya meza. Yule anayekojoa ukimwinamia. Nami nina mbwa wa aina hiyo kwenye ukoo. Yuko kwa susu yangu huko Tawa, Makueni, anaitwa Simba, na anaogopa ndoo.

Usicheke. Au cheka kidogo, kisha tuendelee.

Kwa Kikamba mbwa ni ngiti, na ngiti wa Tawa hana ratiba ya matembezi wala kitanda. Anakula makoko ya ugali, analala penye kivuli, anabweka usiku. Nairobi ndiko nilikojifunza kwamba mbwa anaweza kuwa tangazo. Tembea Lavington, tembea Karen, hata Umoja siku hizi: kibao cha bati, maandishi mekundu, MBWA KALI. Kuna utani wa zamani wa mgeni kutoka Ulaya aliyezunguka Nairobi siku nzima kisha akauliza huyu Bwana Mbwa Kali ni tajiri wa namna gani hadi amiliki nyumba zote hizi. Lakini kibao hicho si utani kikitazamwa kihistoria. Mji huu ulijengwa kwa kugawanywa, huku wazungu, kule Wahindi, kule mbali Waafrika, na mbwa akawa sehemu ya ua. Polisi wa Kenya walianzisha kikosi chao cha mbwa mwaka 1948. Miaka minne baadaye hali ya hatari ilipotangazwa, mbwa wa kunusa nyayo walipelekwa misituni kuwasaka Mau Mau. Kwa hivyo ukimwona mzee wa miaka themanini akivuka barabara kukwepa mbwa aliyefungwa mnyororo, usimwone mshamba. Ana kumbukumbu.

Uhuru ulikuja, kibao kikabaki, na njia ya kumtengeneza mbwa kali ikarithiwa nzima nzima: mfungie kwenye kibanda mchana kutwa, asione mtu, asiguswe, umfungue usiku. Mimi naona tumekuwa tukichanganya mambo mawili. Mbwa tunayemwita kali, mara nyingi sana, ni mbwa mwoga aliyegundua kwamba kelele humfukuza anayemwogopesha. Ukali wake ni hofu iliyopata kazi. Na mbwa kama Simba, anayekimbia, ni hofu hiyo hiyo iliyokosa kazi.

Wanasayansi walishaeleza inapotoka. Mwaka 1961, Freedman, King na Elliot walichapisha utafiti ambapo vilebu walilelewa na mama zao kwenye uwanja wenye ua mrefu, bila kukutana na watu. Wengine walitolewa mapema wakachezewa, wengine walikaa humo hadi wiki ya 14. Hawa wa mwisho walitoka wakiwa kama wanyama wa porini. Mwaka 1965, John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, Maine, wakaandika kitabu kilichoweka jambo hili wazi: kuna dirisha kati ya takriban wiki ya tatu na ya kumi na mbili, na kilebu asiyekutana na mikono ya watu na vituko vya dunia wakati huo atalipia maishani. Sasa fikiria kilebu wa kijijini, aliyezaliwa nyuma ya ghala na kufukuzwa kwa mawe kila alipokaribia jiko. Dirisha lake lilifungwa huku akitazama nyayo zikimkimbiza.

Mbwa kuogopa ndoo ni kichekesho hadi siku anapokuja mtu na sindano.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1912, kwa mbwa kutoka pembezoni mwa Nairobi. Ukambani tumeishi nacho kwa miongo. Ni ugonjwa wa ajabu kwa ukatili wake: dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, lakini kabla ya dalili unaweza kuzuiwa kabisa. Chanjo tunayo tangu mtoto Joseph Meister alipodungwa ile ya Louis Pasteur mjini Paris, Julai 1885. Hata hivyo, dunia inakadiriwa kupoteza watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, wengi wao watoto, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Njia ya kukomesha hili inajulikana. Chanja asilimia 70 ya mbwa, rudia mwaka unaofuata, na unaofuata. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kufikisha vifo vya binadamu sifuri ifikapo 2030, na Makueni ni moja ya kaunti zilizotangulizwa mbele kuujaribu.

Kwa nini urudie kila mwaka? Kwa sababu mbwa wetu hawakai. Philip Kitala wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwafuatilia mbwa wa wilaya ya Machakos miaka ya mwanzo ya 1990 na kukuta kwamba dume anayezaliwa anaweza kutarajia kuishi miaka 3.5 tu, na jike miaka 2.4. Maana yake ni kwamba wale uliowachanja mwaka jana, wengi wameshakufa, na mahali pao pamejaa vilebu ambao hawajawahi kuguswa, si na sindano, si na mkono.

Hapo ndipo hesabu za asilimia 70 zinapokwama, na hakuna ripoti inayoweza kukuonyesha vizuri kama uwanja wa shule siku ya chanjo. Wanaoleta mbwa ni watoto. Mtoto wa darasa la tano, kamba ya katani, mbwa ambaye hajawahi kufungwa kitu shingoni. Kuna vumbi, mbwa wengine arobaini, watu wasiojulikana waliovaa glavu. Mbwa aliyezoea watu anadungwa na kwenda. Mbwa mwoga anafanya moja kati ya mawili: anauma au anachomoka. Na anayechomoka, usisahau, ndiye atakayezurura bila kinga.

Simba alichomoka. Sikuwepo, nilikuwa Nairobi, nilisimuliwa na susu kwa simu. Binamu yangu wa miaka kumi na mmoja alimfunga na kuanza kumvuta kuelekea shuleni. Simba akalala chini. Akavutwa hivyo hivyo, kifua kikichora mstari kwenye vumbi, hadi kamba ikateleza kichwani. Akaingia kwenye mbaazi za jirani na kutokomea. Alirudi usiku wa tatu. Tangu siku hiyo hakuwa akiogopa ndoo tu. Aliogopa kamba, aliogopa binamu yangu, na aliogopa ile njia yenyewe ya kwenda shule. Mtoto naye alilia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimlisha.

Swali lililonikaa ni hili la kumvuta. Kila mtu Tawa angekwambia mbwa mwoga anavutwa, anazoea. Na historia, kwa bahati mbaya, haiwapingi moja kwa moja.

Rudi nyuma hadi 1924, mwaka ambao naupenda kwa sababu una pande zote mbili za jambo hili. Septemba mwaka huo mto Neva ulifurika Leningrad. Mbwa wa maabara ya Ivan Pavlov walikuwa kwenye vizimba, maji yakapanda hadi karibu na dari, na milango ya vizimba ilikuwa chini. Ili kuwaokoa, wafanyakazi walilazimika kuwazamisha vichwa majini ndipo watokee mlangoni. Walinusurika. Lakini baadhi yao walibadilika. Mambo waliyokuwa wamefunzwa kwa miezi yaliwatoka kabisa, na baadaye hata maji kidogo yaliyoachwa yatiririke chini ya mlango yalitosha kumrudisha mbwa kwenye ile siku. Hapo Pavlov alipata funzo kuhusu hofu isiyo na pa kutorokea.

Mwaka huo huo, New York, mwanasaikolojia aitwaye Mary Cover Jones alichapisha kisa cha mtoto mdogo anayejulikana kama Peter, aliyeogopa sungura. Jones hakumlazimisha kumshika. Alimkalisha Peter kwenye kiti, akampa chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Kesho yake, karibu kidogo. Siku baada ya siku sungura akasogezwa, hadi Peter akamshikashika mwenyewe. Karibu kila kitu ambacho mkufunzi mwema wa mbwa anafanya leo kimo ndani ya kisa kile cha mtoto na sungura. Hata hivyo, kwa miaka mingi mbwa walifunzwa kwa njia nyingine, ile ya Konrad Most, Mjerumani aliyefunza mbwa wa polisi na kuandika mwongozo maarufu mwaka 1910, ambamo kukaza mnyororo na kulazimisha ndiyo sarufi ya mafunzo.

Halafu tunafika Philadelphia, 1967, na hapa naomba uvumilie kwa sababu si hadithi nzuri. Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliwapa mbwa shoti za umeme. Kundi la kwanza lingeweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata shoti zile zile, kwa muda ule ule, lakini lisukume lisisukume hakuna kilichobadilika. Kundi la tatu halikupata shoti. Kesho yake wote wakawekwa, mmoja mmoja, kwenye sanduku lenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na kizuizi kifupi, urefu wa bega la mbwa. Shoti inakuja upande huu. Ruka, uko salama. Kundi la kwanza na la tatu waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakaipokea.

Kiunzi kifupi, urefu wa bega. Miaka kumi na moja baadaye, na bahari moja mbele, kitu cha namna hiyo hiyo kitawekwa kwenye zulia la Olympia na watu watapiga makofi.

Seligman na wenzake waliendelea. Mwaka 1968 walijaribu kuwaponya wale waliolala chini. Waliondoa kizuizi. Waliwaita. Walirusha chakula upande salama. Hakuna. Mwishowe wakawafunga kamba na kuwavuta, upande huu, upande ule, mara nyingi mno, hadi mbwa wakaanza kwenda wenyewe. Kwa hivyo ndiyo, wazee wa Tawa: waliwavuta, na ikafanya kazi. Lakini tazama walivutwa kuelekea wapi. Kila walipovutwa, maumivu yalikoma. Mbwa alikuwa akijifunza kwamba mwendo wa miguu yake unabadilisha kitu. Simba alivutwa kutoka kivulini kwake kwenda kwenye mbwa arobaini na glavu. Kila hatua ilimthibitishia kwamba miguu yake haina kauli.

Na kuna nyongeza ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Mwaka 2016, Maier na Seligman walirudi kwenye utafiti wao wa ujana na kuugeuza. Baada ya miaka mingi ya kuchunguza ubongo, walisema walikuwa wameusoma kinyume. Kunyong'onyea si kitu ambacho mnyama hujifunza. Ndiyo hali ya kuanzia, jibu la asili la mwili unapoteswa kwa muda mrefu. Kinachojifunzwa ni ule upande mwingine: kwamba nina uwezo, kwamba nikifanya hivi, kile kinakuwa. Sehemu ya mbele ya ubongo ikishaligundua hilo huituliza ile sehemu ya ndani inayopiga kamsa.

Ikiwa ni hivyo, basi kumwondolea mbwa hofu, kana kwamba hofu ni kupe, ni lugha isiyofaa. Unachofanya ni kumpa nafasi nyingi ndogo za kugundua kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Ndiyo maana viunzi vinafaa kuliko kubembeleza. Ukimbembeleza mbwa, wewe ndiye unayefanya kitu. Akiruka ufito, amefanya yeye.

Desemba nilipanda matatu hadi Machakos, nyingine hadi Tawa, nikiwa na likizo ya wiki nne na mfuko wa matumbo kutoka buchari ya sokoni. Vifaa vya London vina bei ya kukufanya ucheke, lakini Tawa haina upungufu wa vitu vya kuruka. Vilima vyetu vyote vimekatwa matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, teknolojia iliyoshika Ukambani kiasi kwamba wataalamu wa udongo wa nchi nyingine wanaliandika jina hilo la Kiswahili kama lilivyo. Mbwa wa hapa wanaruka matuta tangu wakiwa wadogo. Mwili wa Simba ulijua ajiliti kabla yangu. Kilichokosekana ni yeye kuifanya mbele ya mtu bila kutetemeka.

Siku ya kwanza niliweka ufito chini, kwenye kivuli cha mwembe, nikaketi mbali kiasi cha hatua kumi, nikatupa kipande cha matumbo ng'ambo yake. Basi. Sikumwita. Sheria niliyojiwekea ni moja: asishikwe, asizuiwe, akiondoka ameondoka na mchezo umeisha kwa siku hiyo. Alizunguka ufito siku mbili nzima. Alipiga miayo, akalamba pua, akageuza uso. Turid Rugaas, mkufunzi wa Norway, ameeleza kwa kirefu ishara hizi ndogo ambazo mbwa hutumia kupoza hali, na ukishazijua huwezi tena kusema mbwa huyu ana usingizi. Ilikuwa hofu inaongea kwa sauti ya chini. Siku ya tatu aliuvuka. Ufito uliolala chini, si juu zaidi ya kidole gumba.

"Ndiyo hiyo umesomea Nairobi?" susu akauliza kutoka jikoni.

Wiki ya pili ufito ulikuwa juu ya matofali mawili, na Simba alikuwa ananisubiri chini ya mwembe asubuhi. Nilikata pipa bovu la plastiki pande zote mbili likawa handaki, fupi mwanzoni, anaona mwanga upande wa pili. Niliweka ubao juu ya tairi kuukuu ili uyumbe kidogo anapoukanyaga, kwa kuwa mbwa mwoga anachochukia zaidi ni ardhi isiyotabirika. Dakika tano asubuhi, tano jioni, zaidi ya hapo anachoka na kusahau alichokishinda. Binamu yangu alianza kuja kutazama, kwanza akiwa nyuma ya ghala, kwa sababu nilimwambia Simba ndiye atakayeamua. Majirani pia wakaja. Mmoja akaniuliza kama nimemtupia dawa, na unazijua sifa zetu Wakamba, sikukana haraka.

Kisha ndoo. Nilichukua kifuniko cha debe nikakilaza kwenye majani marefu, mahali ambapo hakiwezi kulia. Akikigusa kwa pua, kipande cha matumbo. Akikigusa kwa mguu, vipande viwili. Baadaye nikakihamishia kwenye udongo mgumu. Kikalia. Simba akaruka nyuma, akasimama, akakitazama kile kifuniko, akanitazama mimi, na sina neno la kisayansi la kilichopita usoni mwake. Akarudi, akakipiga tena. Kelele ile ile iliyokuwa ikimfukuza uani, sasa ilikuwa yake. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anagonga debe zima kama mwanafunzi aliyepewa kengele ya shule, hadi susu akalificha.

Nadhani hapo ndipo Philadelphia na Tawa zinapokutana. Kibao cha kusukuma kwa kichwa na kifuniko cha debe ni kitu kimoja, isipokuwa huku hakuna aliyehitaji kuumizwa ili tujue.

Niseme wazi jambo moja kabla mtu hajakimbia kutafuta ufito. Huu si mchezo wa kucheza na mbwa usiyemjua, wala mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate au kuuma ovyo. Huyo ripoti kwa afisa wa mifugo. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tabasamu la mbwa jirani na dawa ya kienyeji havizuii virusi.

Kati ya vifaa vya ajiliti kuna kimoja ambacho watazamaji hukipuuza kwa sababu hakina mbio: meza. Mbwa anapanda, anatulia juu yake sekunde chache huku saa ikikimbia, ndipo anaruhusiwa kuendelea. Kwangu hicho ndicho kilikuwa kiini cha safari yote. Meza yetu ilikuwa kreti ya soda iliyogeuzwa, na gunia juu yake ili isiteleze. Simba alijifunza kwamba kupanda kreti ni chaguo lake na kushuka ni chaguo lake. Ndipo nikaanza kuweka mkono begani. Kisha shingoni. Kisha kuinua ngozi ya shingo kwa vidole viwili, pale ambapo sindano huingia, na kuiachia. Kisha kuifinya kidogo. Aliposhuka, niliuacha mkono ushuke pia. Aliporudi, tulianza tena chini kidogo ya pale tulipoishia. Wiki ya nne, kazi hiyo ilikuwa ya binamu yangu, si yangu. Kamba tuliirudisha mwisho kabisa, ikiwa imelegea, ikimaanisha tu kwamba tunakwenda kwenye kreti.

Walipokuja tena wachanjaji, nilipata ruhusa ya siku moja kazini. Tulibeba kreti hadi shuleni, lakini si kwa ile njia ya zamani. Tulipita juu, kwenye matuta, Simba akiruka moja baada ya jingine mbele yetu. Tulisimama mbali na foleni, chini ya mti, hadi zamu yetu ilipofika. Binamu yangu akaweka kreti chini. Simba akaitazama, akatazama glavu, akapiga miayo. Alichukua muda, na yule wa chanjo, Mungu ambariki, hakutuharakisha. Kisha akapanda. Alikuwa anatetemeka miguu ya nyuma, sitakudanganya, lakini alisimama. Ngozi ikainuliwa, sindano ikaingia na kutoka, binamu yangu akaandikiwa kadi.

Nyuma yetu kulikuwa na msichana mdogo, kamba ya katani imemkaza vidole, na mbwa wake wa kahawia amelala chini kifua kikiwa kwenye vumbi. Akatuuliza kama anaweza kuazima kreti.

Binamu yangu akamwambia kreti peke yake haitafanya kitu, leo amwache hapo alipolala, amwombe daktari ampelekee sindano pale pale chini, kisha kesho aanze na ufito.

"Ufito gani?" akauliza.

"Wowote," akasema. "Uweke tu chini."